Funguo za Nyumba Tuliyoikuta

 Popote mlipo asubuhi hii, ikiwa mnakunywa chai kabla ya kwenda kazini, au mmelala kitandani kwa ugonjwa, au mmeketi penye geti la watu mkingoja zamu yenu ya ulinzi iishe, twawakaribisha tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo twataka kuzungumza juu ya funguo, zile funguo za chuma tunazotia mfukoni kila siku.

Ninyi mnaolifahamu kanisa letu la Anglikana mnajua ya kuwa kasisi hakai mahali pamoja siku zote. Askofu huandika barua, na kasisi hufunga mizigo. Miaka michache iliyopita nasi tulipata barua ya namna hiyo. Tukatoka katika milima ya Taita, ambako usiku tulikuwa tukifunga mlango kwa komeo moja tu na kulala, tukahamia parishi ya mjini, katika mji wa Nakuru. Wakristo walitupokea kwa nyimbo. Akina mama wa Umoja wa Akina Mama walileta unga, sukari na sufuria. Tukaingia katika nyumba tusiyoijenga, tukavuta maji katika tangi tusilolinunua, tukachuma parachichi katika mti tusioupanda. Tulikumbuka maneno ya Musa kwa wana wa Israeli, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 6, alipowaambia kwamba watapewa nyumba zilizojaa vitu vyema ambavyo wao hawakuvijaza, na visima wasivyovichimba. Tukamshukuru Mungu.

Siku hiyo mzee mmoja wa kanisa alitukabidhi mkebe wa majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na funguo zilizotungwa katika waya. Tulizihesabu baadaye, zikawa 23. Kisha akatuonyesha kisanduku cheupe kilichopigiliwa ukutani katika ujia wa nyumba, chenye taa ndogo ya kijani iliyokuwa ikiwaka. Katika pembe za dari mlikuwa na vidude vyeupe vinavyomtazama mtu akipita. Karibu na kitanda palikuwa na kitufe chekundu. Yule mzee akatuambia, "Mchungaji, hapa msiwe na wasiwasi. Nyumba hii inalindwa."

Nasi hatukuwa na wasiwasi. Jioni ile tulipiga magoti sebuleni pamoja na wazee, tukaiombea nyumba, chumba kwa chumba. Lakini lazima tuungame jambo moja mbele yenu, wasikilizaji. Tuliomba katika kila chumba, wala hatukuuliza ufunguo wa mlango wa nyuma ni upi.

Kwa muda wa wiki sita tulilala usingizi mzuri. Kila usiku, kabla ya kuzima taa, tulipita katika ule ujia, tukaitazama ile taa ya kijani, tukasema moyoni, "Tuko salama."

Kisha ukaja usiku mmoja wa mvua. Stima ilipotea, kama ilivyo kawaida, tukalala. Yapata saa nane za usiku stima ikarudi, na mara hiyo hiyo kengele ya nyumba ikaanza kulia. Haikuwa kengele ya kuita watoto wa shule. Ilikuwa ni yowe linalopasua masikio. Watoto waliamka wakilia. Sisi tukadhani wezi wamekwisha kuingia. Tukabonyeza kile kitufe chekundu, mara moja, mara mbili, mara kumi. Tukamwambia binti yetu mkubwa awachukue wadogo wake watoke kwa mlango wa nyuma, wakimbilie kwa jirani. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli kubwa juu ya vyuma. Tukachukua ule mkebe. Tukajaribu ufunguo wa kwanza, haukuingia. Wa pili uliingia wala haukuzunguka. Tulikuwa tukimulika kwa tochi, mikono yatetemeka, kengele yalia, watoto wamesimama nyuma yetu bila viatu. Tulijaribu funguo 23 zote, na hata mmoja haukuifungua kufuli ile.

Wasikilizaji wapendwa, hapakuwa na mwizi. Tulikwenda mwishowe kwenye swichi kubwa ya stima tukaizima, na kengele ikanyamaza. Yaani, ili tupate amani katika nyumba ile, ilitubidi tuzime taa zote kwa mikono yetu wenyewe na kukaa gizani mpaka kulipopambazuka. Tulikaa sebuleni, watoto wamelala mapajani mwetu, tukiwaza jambo moja. Je, kama ungalikuwa moto?

Tena liko jambo lingine. Usiku ule hakuja mtu. Hakuja jirani, hakuja askari, hakuja yeyote aliyepaswa kuitwa na kile kitufe chekundu.

Asubuhi tulimpigia simu kasisi aliyetutangulia, ndugu yetu mpendwa, tumwulize nambari za siri za ile kengele. Akacheka kwa aibu kidogo, akasema, "Ndugu, hata sisi tuliikuta hivyo. Nambari hatukupewa. Tuliona taa inawaka, tukajua ni nzima." Alikuwa amekaa katika nyumba ile miaka sita.

Basi tukamwita fundi. Alikuwa kijana mpole, mwenye mfuko wa bisibisi. Alikifungua kile kisanduku, akatuita tusogee tuone. Ndani mlikuwa na betri iliyovimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi. Akatueleza kwamba betri hiyo huwekwa ili kengele iendelee kufanya kazi stima ikipotea, na kwamba betri za namna hiyo huchakaa baada ya miaka michache, hivyo lazima zibadilishwe. Hii haikubadilishwa. Ndiyo maana stima iliporudi, chombo kilizinduka kama mtu aliyeota ndoto mbaya, kikapiga kelele bila sababu. Kisha akafuata ule waya wa kitufe chekundu. Ulikwenda mpaka juu ya dari, kwenye kile chombo cha kupeleka habari kwa walinzi wa kampuni. Huko ulikuwa umekatwa. Mkataba na kampuni ulikuwa umekwisha zamani, watu wake wakaja wakachukua chombo chao, wakaacha kitufe ukutani. Ndipo tukauliza, "Na hii taa ya kijani, je?" Kijana akajibu neno ambalo hatujalisahau. Alisema, "Pasta, taa hii inasema tu kwamba stima iko. Haisemi kwamba mnalindwa."

Tukaizunguka nyumba yote pamoja naye. Vile vidude vya pembeni hutambua joto la mwili wa mtu anayepita, lakini kimoja kilikuwa kimepakwa rangi pamoja na ukuta, kikawa kipofu. Mlangoni kulikuwa na sumaku ndogo na mwenzake, ambavyo vikiachana kengele hujua ya kuwa mlango umefunguliwa. Mlango ulikuwa umebadilishwa, sumaku ikabaki kwenye fremu peke yake, mwenzake hayuko. Na katika chumba cha watoto, vyuma vya dirisha vilikuwa vimechomelewa moja kwa moja, havifunguki. Mwizi asingeweza kuingia pale, hilo ni kweli. Lakini na mtoto asingeweza kutoka.

Tulipoviona vyuma vile tulikumbuka ile ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wengi wenu mmeitembelea. Kuta zake ni nene ajabu. Katika mwezi wa Machi mwaka 1696 Waomani waliizingira, na mazingira yale yakaendelea mpaka Desemba mwaka 1698. Kwa muda mwingi huo kuta zilifanya kazi yake, adui akabaki nje. Lakini ndani waliingia njaa na maradhi, na wale waliokufa humo wengi hawakuuawa kwa upanga, bali kwa magonjwa. Ukuta hauchagui. Unaomzuia adui asiingie ndio unaomzuia aliye ndani asitoke.

Kisha tukafika kwenye swali la funguo. Tuliwauliza wazee, "Ni nani wengine wenye funguo za nyumba hii?" Wakatazamana. Mmoja akasema anao, maana alisimamia ukarabati. Mwingine akasema katibu wa kwaya alipewa ili achukue vyombo stoo. Yuko kijana aliyelala pale alipokuwa akisoma, akahamia mji mwingine. Yuko aliyekuwa akifanya usafi. Wote ni watu wema, wala hatumshitaki hata mmoja. Lakini hakuna aliyejua idadi yake. Jumapili iliyofuata tukatangaza kanisani kwamba mwenye ufunguo wa nyumba ya kasisi aurudishe, maana vitasa vyabadilishwa.

Baada ya ibada walikuja wanne. Wa mwisho alikuwa nyanya mmoja mzee sana, anayekaa ng'ambo ya barabara, mkabala na geti letu. Alifungua pindo la leso yake, akatoa ufunguo mmoja, na machozi yakamtoka. Ulikuwa ni ufunguo wa ile kufuli ya mlango wa nyuma. Akatueleza kwamba alipewa miaka mingi nyuma, wakati mke wa kasisi wa zamani alipokuwa mgonjwa. Alikuwa akiingia kila alfajiri kwa mlango wa jikoni kumpikia uji na kumwosha, mpaka Bwana alipomchukua. Baada ya hapo hakuna aliyemwambia aurudishe, wala aliyemwambia aendelee kuja. Makasisi walikuja na kuondoka.

Tukamwuliza, "Nyanya, usiku ule wa kengele ulisikia?"

Akajibu, "Nilisikia, mwanangu. Niliketi kitandani nikawaombea mpaka ikanyamaza. Ufunguo nilikuwa nao mkononi. Lakini sikujua kama ningali na ruhusa ya kuja."

Wasikilizaji, tuliona haya. Tulikuwa tumeishi wiki sita tukiitumainia taa isiyolinda kitu, na ng'ambo ya barabara alikuwako mlinzi wa kweli, mwenye ufunguo wenyewe tulioutafuta, naye hatukuwa tumevuka hata siku moja kwenda kumwamkia.

Sasa hebu tutazame Neno la Mungu lasemaje juu ya mambo haya. Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Timotheo, mlango wa kwanza, aikumbuka imani ya kijana yule. Asema ya kwamba imani hiyo ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi, na ndani ya mama yake Eunike. Timotheo alirithi imani, kama mtu arithivyo nyumba. Lakini Paulo haishii hapo. Papo hapo amwagiza aichochee ile karama ya Mungu iliyomo ndani yake, kama mtu achocheavyo moto ili usizimike. Imani ya bibi ni urithi mwema, lakini mjukuu hana budi kufungua kisanduku na kuitazama betri.

Ndugu yangu, wewe nawe umeikuta nyumba. Wengi wetu tulizaliwa na wazazi Wakristo. Tulibatizwa tukiwa wachanga, tukapata kipaimara, tukafunga ndoa madhabahuni. Tuna Biblia kabatini na kalenda ya kanisa ukutani. Hiyo yote ni taa ya kijani. Ni njema, nasi hatuidharau. Lakini yasema tu kwamba stima ya kanisa iko. Haisemi kwamba wewe unaomba, wala haisemi kwamba umesamehe, wala haisemi kwamba usiku wa msiba ukija utajua ufunguo ulipo. Je, tutaanza kujaribu funguo 23 wakati watoto wanalia nyuma yetu? Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo mlango wa 24, alisema habari za mwenye nyumba ambaye angalijua saa ya mwizi angalikesha. Saa hiyo haijulikani. Kwa hiyo kukesha ni kazi ya kila siku, wala si kazi ya saa nane za usiku.

Pengine mtu atasema, "Mchungaji, Zaburi ya 127 yafundisha kwamba Bwana asipoulinda mji, mlinzi akesha bure. Basi kwa nini tuhangaike na vitasa?" Ni kweli, nasi twaiamini Zaburi hiyo. Lakini haisemi kwamba mlinzi aende akalale. Mtazameni Nehemia, katika mlango wa 4 wa kitabu chake. Adui walipofanya shauri juu ya Yerusalemu, watu walimwomba Mungu, na tena wakaweka walinzi mchana na usiku. Walifanya yote mawili. Sisi tulikuwa tumefanya moja tu. Tuliomba katika nyumba, lakini hatukuijaribu milango yake, tukaiita hiyo imani. Haikuwa imani. Ulikuwa ni uvivu uliovaa kanzu ya imani.

Tena tujihoji juu ya funguo za mioyo yetu. Ni nani tuliowapa zamani, tukawasahau? Huenda tulimpa mtu fulani neno la chuki juu ya ndugu yetu, na tangu hapo huingia na kutoka moyoni mwetu apendavyo. Huenda desturi fulani ya zamani, hofu fulani, deni fulani la aibu, lingali na ufunguo wake. Kubadilisha kitasa si kumchukia mtu. Ni kusema tu, "Kuanzia leo nyumba hii ina Bwana wake, naye ndiye agawaye funguo." Na iko milango mingine ambayo tumeichomelea vyuma kwa woga, tukisema hatuumizwi tena na mtu. Mwizi hawezi kuingia, kweli. Lakini na sisi tumo ndani, moshi unajaa.

Bwana Yesu, katika kitabu cha Ufunuo mlango wa 3, ajionyesha kama mtu asimamaye mlangoni akibisha. Yeye ndiye mwenye funguo zote, hata hivyo habomoi. Angoja mtu aliye ndani afungue. Basi ni jambo la kusikitisha kama nani, mtu kusikia sauti yake mlangoni, akataka kwa moyo wote kumfungulia, lakini asijue ufunguo ulipo, kwa kuwa hakuwahi kuutafuta kulipokuwa mchana!

Wapendwa, ikiwa mwezi huu unahamia nyumba nyingine, twakushauri kama ndugu. Usilale usiku wa pili kabla ya kuzijua funguo zako. Zihesabu, ujaribu kila mmoja, usiofungua kitu uutupe. Uliza ni nani wengine walio nazo, na ukiweza badilisha vitasa. Kama ipo kengele, uliza ikilia atakuja nani, tena badilisha zile nambari za siri. Zima taa usiku, uone kama kila mtoto aweza kupata mlango na kutoka bila kusaidiwa. Dirisha la chumba cha kulala liwe na vyuma vinavyofunguka kutoka ndani, na ufunguo wake ukae mahali pamoja panapojulikana na wote. Na kabla ya hayo yote, vuka barabara uwaamkie majirani.

Sisi tulifanya hivyo, ingawa tulichelewa. Vyuma vya dirisha la watoto vilikatwa na kutiwa bawaba. Mlango wa nyuma ukapata kufuli mpya yenye funguo tatu. Mmoja huning'inia msumarini jikoni. Mmoja tunao sisi. Na wa tatu tulimpelekea yule nyanya wa ng'ambo ya barabara, tukamwambia, "Ruhusa unayo, usiku na mchana." Akaufunga tena katika pindo la leso yake. Na ile taa ya kijani ingali inawaka pale ukutani. Fundi ametia betri mpya. Lakini jioni, kabla ya kulala, hatuitazami tena kwanza. Huchungulia dirishani, tukaona kama taa ya nyanya inawaka.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, Mlinzi wetu usiyelala, twakushukuru kwa ajili ya nyumba tusizozijenga na imani tusiyoianzisha. Utusamehe kwa kuwa tumezitumainia dalili za nje, tukaacha kujua mambo yaliyomo ndani. Utupe ujasiri wa kufungua kila chumba mbele zako. Uwalinde wote waliolala usiku huu bila mlango wa kufunga, na wale wanaolinda milango ya wengine. Utufanye majirani wa kweli, wasiongoja ruhusa ya kupenda. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana awabariki, mpaka tutakapokutana tena.